Kisanduku Alichokizima Rinze

Wietske Terpstra alikuwa na kazi ambayo hata wakwe zake walishindwa kuieleza. Katika maabara moja hapa mjini Leeuwarden, Uholanzi, alipima vifaa vya kuzuia bakteria wa legionela kwenye mabomba ya maji ya kunywa. Bakteria hao hupenda maji ya uvuguvugu yaliyolala bombani. Mtu akifungua bomba la mvua bafuni akavuta ule ukungu wa maji, wanaingia mapafuni na kumletea homa kali. Mtengenezaji alileta kifaa chake, Wietske akakifunga kwenye mabomba ya majaribio, akatia bakteria kwa makusudi, akasubiri wiki kadhaa. Kikishinda, kilipewa cheti. Kikishindwa, mwenyewe alikibeba akaondoka nacho kimya kimya.

Miongoni mwa vilivyoshinda kilikuwamo kisanduku cha kijivu ambacho maji yakikaa sana bila kutumika kilifungua bomba, kikayamwaga, kikafunga tena. Wietske alikipenda. Mumewe, Douwe, aliyekuwa akifundisha watoto kuogelea, ndiye aliyeishawishi klabu yake ikinunue. Aliwaambia mke wake amekipima, na mjadala ukaishia hapo.

Mwaka uliofuata, baridi ilipokwisha na bwawa likafunguliwa upya, Douwe alirudi nyumbani anatetemeka. Walidhani ni mafua tu. Homa ikapanda hadi akaanza kuzungumza na marehemu mama yake, akimdai viatu vyake vya kutelezea kwenye barafu. Wietske akamkimbiza hospitali. Wakapima mkojo, na daktari, aliyejua kazi ya Wietske, alilitaja jina la ugonjwa kwa sauti ya chini kama anayeomba radhi. Douwe alilala pale na mashine ya kupumulia, akatoka amekonda, hawezi kupanda ngazi ya nyumbani bila kupumzika katikati.

Kanuni za kazi hazikumruhusu Wietske kuchunguza bwawa la mumewe, kwa hiyo akaenda mwenzake wa maabara. Alikuta bakteria tele kwenye bafu la walimu, na kisanduku kimezimwa tangu kabla ya baridi. Aliyekizima ni Rinze, mtunza bwawa, rafiki wa Douwe tangu shule ya msingi.

Rinze hakuonekana hospitali. Alikuja siku ya kuzaliwa ya Douwe, jamaa wamekaa sebuleni kwenye viti vilivyopangwa duara, sahani za keki mapajani. Akazunguka kumpa kila mmoja mkono wa pongezi kama ilivyo desturi yetu. Alipofika kwa Wietske mkono wake ulibaki hewani kidogo. Wietske akaushika, kisha akamvuta hadi jikoni. Douwe naye akawafuata polepole, akakaa kwenye kigoda.

"Ulikizima kwa nini, Rinze?"

"Niliingia bafuni hakuna mtu, maji yanamwagika yenyewe. Nikajua kimeharibika. Nikabonyeza kitufe cha pembeni, kikanyamaza. Nikajiona nimeokoa maji."

"Na taa ya tahadhari hukuiona?"

"Taa gani, shemeji? Kile kitu hakina taa."

Ndipo Wietske alipotambua kwamba Rinze alisema kweli. Alikijua kisanduku kile ndani na nje. Kikizimwa kilifanana kabisa na kikiwa kinafanya kazi, na kanuni za upimaji hazikuuliza habari hiyo, wala yeye hakuwahi kuiuliza.

"Basi wewe ulikizima, na huyu alikipa cheti," Douwe alisema, akivuta pumzi katikati ya maneno. "Mkimaliza kulia nileteeni kahawa."

Rinze akacheka huku anajifuta macho.

Wietske alipeleka hoja kwenye kamati ya kanuni: kifaa kipimwe pia mikononi mwa watu wanaoishi nacho. Wakamjibu kwamba wao wanapima vifaa, hawapimi watunza mabwawa. Alirudi, wakakataa tena. Safari ya tatu hakupeleka maandishi. Aliwaalika maabara, akawaita pia Rinze na watunzaji wengine kutoka hoteli na nyumba za wazee, akawaacha na vifaa ukutani bila maelezo, wafanye kama wanavyofanya kazini. Kabla ya kahawa ya pili nusu ya vifaa vilikuwa vimezimwa, na wanakamati waliosimama mbele yavyo hawakuweza kusema ni vipi vilivyozimwa. Kanuni ikabadilishwa.

Mtengenezaji wa kisanduku alikuja amekasirika, akisema alishinda kihalali. Wietske alikubali kwamba ni kweli, na bado akakisimamisha cheti chake. Yule bwana aliondoka bila kuaga. Ilipita karibu mwaka mzima akarudi na kisanduku chenye taa nyekundu na swichi inayotaka ufunguo. Kilipimwa upya, kikashinda, Wietske akatia sahihi.

Mapafu ya Douwe hayakurudi kama zamani. Alijaribu kufundisha akiwa kitini kando ya bwawa, ila kupiga kelele kulimchosha. Sasa anafundisha wale wadogo kabisa, kwenye maji ya kina kifupi, ambako hahitaji kupaza sauti. Rinze bado anatunza bwawa, na kifaa kipya kikifika maabara huitwa kwenda kukibonyeza. Douwe anasema Rinze maisha yake yote amekuwa akigusa vitu asivyovijua, ila sasa kuna mahali wanamshukuru kwa hilo.