Harusi Iliyoliwa Kabla ya Siku Yake

Jirani yetu wa mlango wa tatu akianza kuunguza kuku juu ya jiko la makaa, mimi huacha kila kitu nikacheka peke yangu. Harufu ile ya manyoya yanayoungua, kali, inayopenya hadi kwenye sare ya shule iliyoanikwa nje, kwa watu wengine ni dalili ya wageni. Kwangu ni harufu ya kamati. Wacha niwaambie kwa nini, ila mkikutana na Baba hamkusikia kutoka kwangu.

Nilikuwa na miaka kumi. Tuliishi hapa hapa Riruta, kwenye ploti hii hii, vyumba viwili na pazia. Senje Violet, dada mdogo wa Baba, alikuwa amechumbiwa na fundi wa umeme anayeitwa Ambrose, mwanamume mpole kiasi kwamba hata akipigwa na shoti nadhani huiomba msamaha. Senje mwenyewe alikuwa msusi pale Kenyatta Market. Alisukia kwenye kiti cha mtu, na kwa kila kichwa alichomaliza, nusu ya pesa ilikwenda kwa mwenye kiti. Miaka sita hivyo. Katika nusu yake alikuwa ameweka akiba ya elfu themanini apate kibanda chake. Mama mmoja wa pale sokoni alikuwa anarudi kwao Busia, na alikuwa amemshikia nafasi hadi mwisho wa mwezi, siku moja zaidi hapana. Mimi niliyajua hayo yote kwa sababu nilikuwa nimeahidiwa kusukwa bure maisha yangu yote. Kwa hivyo msidhani sikuwa na hisa.

Sasa, kwetu mtu haolewi hivi hivi tu. Inaundwa kamati. Watu wa nyumbani walio Nairobi wanakusanyika, wanachagua mwenyekiti, wanaandika bajeti, kila mtu anasimama kutaja atakachotoa, anapigiwa makofi, kisha anaenda kuzitafuta hizo pesa alizotaja. Wengine wanazitafuta hadi leo. Kamati yetu ilikutana kila Jumapili baada ya kanisa, nyumbani kwetu, kwa sababu Baba ndiye aliyekuwa mwekahazina. Mwenyekiti alikuwa Mzee Wekesa wa Mountain View, mwenye suti ya kijivu na tumbo lililomtangulia mlangoni. Bajeti yake ilikuwa laki nne na nusu. Keki ya ghorofa tano. Magari manane ya rangi moja. Mtu wa kupiga picha kutoka angani. Nilimuuliza Mama hizo picha za juu ni za nani, za Mungu? Akanifukuza jikoni, lakini nilimwona akiuma mdomo asicheke.

Na Mluhya hampi mgeni chai na mkate akatulia. Anampa kuku. Kwa hivyo kila Jumapili Mama alitoka kanisani kabla ya baraka ya mwisho, akachemsha maji, akanyonyoa kuku wawili, akawaunguza, akasonga ugali wa watu kumi na wawili, huku wao sebuleni wakibishana kuhusu ghorofa ya tano. Firigisi ziliwekwa juu kabisa ya bakuli zionekane, kwa sababu firigisi ni ya mwanamume mkubwa aliyepo. Mwanamke haili. Msichana hata kuiangalia sana ni utovu wa adabu.

Jumapili ya tisa nilizila zote mbili. Ya kwanza kwa udadisi, ya pili kwa sababu ya kwanza ilikuwa tamu.

Lakini kabla ya hapo, mkiwa na subira, kulitokea jambo. Nilikuwa ninapitisha maji ya kunawa Mzee Wekesa alipotangaza kwamba kuna pengo kubwa kwenye bajeti, na kwamba amefikiria sana, na ameona ni vizuri bibi harusi naye ajitoe. Akaitaja ile elfu themanini kama kitu alichokiweka pale yeye mwenyewe. Kibanda kinaweza kungoja, alisema, harusi ni mara moja. Watu wakaitikia kwa kichwa. Baba akafungua daftari, tayari kuandika. Senje aliangalia vidole vyake, vile vidole vya kusuka vilivyojaa makovu madogo ya uzi. Nilirudi jikoni nikiwa na hasira ambayo sikujua pa kuiweka. Bakuli lilikuwa karibu.

Chakula kilipopelekwa, Mwenyekiti alikoroga mchuzi kama mtu aliyeangusha pete ndani. Akakoroga tena. Kisha akauliza, kwa upole wa kutisha, kama kuku wa siku hizi huzaliwa bila firigisi. Nikaitwa. Midomo yangu iling'aa mafuta, hakukuwa na haja ya shahidi.

"Ni wewe umekula?"

"Ndiyo, mzee."

"Nani amekutuma?"

Ningesema nisamehe, mambo yangeishia kwenye fimbo. Lakini mdomo wangu haujawahi kuniomba ruhusa. "Mzee, hizi ni kuku ya kumi na saba na kumi na nane," nikasema. "Sisi hukula shingo."

Mtu mmoja alicheka akajifanya anakohoa. Senje hakucheka. Aliinua kichwa polepole. Akauliza, kumi na nane? Akamwambia Baba asome kilichoandikwa. Baba akasema hesabu husomwa mwisho wa kikao. Senje akalichukua daftari kutoka mapajani mwake, akanipa mimi niliyekuwa bado nimesimama kizimbani.

"Soma, mwizi."

Nikasoma. Kuku. Soda. Makaa. Unga. Kuku. Soda. Nauli ya mwenyekiti. Kuku. Nilisoma Jumapili zote tisa kwa ile sauti ya kusoma kanisani, na kadiri nilivyoendelea ndivyo watu walivyoacha kutafuna. Zilikuwa zimeingia elfu thelathini na nne. Zilikuwa zimebaki elfu tatu na mia nne. Keki ya ghorofa tano ilikuwa matumboni mwao.

Mzee Wekesa alijifuta mikono bila haraka. Alisema harusi si ya mtu mmoja, na msichana wa kwetu hawezi kuolewa kama mtu asiye na watu. Hapo ndipo tulipomsikia Mama. Alikuwa mlangoni, mwiko mkononi, kanga kiunoni.

"Violet haleti hiyo pesa hapa. Na wiki ijayo mkija, mje mkiwa mmekula."

"Mama Nafula," Mzee akasema, akimwita kwa jina langu na kutabasamu, "wewe mwenyewe hukufanyiwa harusi. Utatufundisha nini?"

Baba aliangalia sakafu. Mama hakuiangalia.

"Jibu ya hiyo unayo wewe, mzee."

Sikuelewa. Nilichoelewa ni kwamba Senje alisimama, akawashukuru wote, akasema kamati imevunjwa, na kwamba anayetaka kumalizia ugali amalizie. Walimalizia.

Wiki tatu baadaye aliolewa katikati ya ibada ya kawaida ya Jumapili. Viti vilikuwa vimeshapangwa, kwaya imeshafika, watu wameshavaa vizuri kwa sababu zao wenyewe. Baadaye Ambrose alinunua mbuzi wa kuchoma pale Kenyatta Market, tukala tukiwa tumesimama kati ya meza za vinyozi na wasusi. Kibanda kilikuwa tayari chake. Mzee Wekesa alisambaza habari hadi nyumbani kwamba Violet ameaibisha ukoo. Senje alipoambiwa alijibu kwamba angalau ameaibika kwa bei nafuu.

Kwa miaka mingi nilisimulia kisa hiki kama changu. Mimi ndiye shujaa, mimi na firigisi mbili. Hadi likizo ya Aprili iliyopita, nikiwa kidato cha tatu, ninakata sukuma wiki na Mama, nikamuuliza mbona nyumba hii ina picha za kila mtu hadi za mbwa wa shangazi, ila ya harusi yao hakuna.

Akaniambia. Na wao walikuwa na kamati, kule Kangemi, mwaka mmoja kabla nizaliwe. Mwenyekiti alikuwa Mzee Wekesa, suti ikiwa bado mpya. Mama, bibi harusi, ndiye aliyepika. Tarehe ikasogezwa, ikasogezwa tena, pesa zikaisha, mimi nikawa njiani, wakaanza tu kuishi pamoja. Hakuna aliyeiba hata shilingi, alisema. Kila kitu kiliandikwa.

Nilimuuliza kwa nini hakusema kitu. Alisema alikuwa na miaka ishirini na mbili, na aliambiwa bibi harusi mwenye adabu hunyamaza. Halafu akasema sukuma zangu ni kubwa kama za ng'ombe, nizikate upya.

Ripoti yangu ya muhula ilipokuja, mwalimu wa darasa alikuwa ameandika kwa wino mwekundu kwamba nina mdomo sana. Baba alitaka nieleze. Mama aliichukua, akaisoma mara mbili, akaitia sahihi.