Nakala Iliyo Safi Zaidi

Simu yangu ilikuwa imejaa nyimbo mpaka ikawa haipokei hata picha. Nyingi nilirushiwa na marafiki, nyingine nilirekodi mwenyewe, na nusu hazikuwa na majina, tarakimu tu. Mimi nashona nguo hapa Ibighi, na bila muziki hata pindo halinyooki. Kwa hiyo niliposikia kuna huduma ya mtandaoni inayozipitia nyimbo zako moja moja, ikiutambua wimbo inakupa nakala safi kutoka kwenye ghala lake, nilifurahi kama mtoto aliyenunuliwa viatu. Nilishajiona nina redio yangu nzima.

Nikanunua bando, nikaiacha simu ifanye kazi. Alama za kijani zikaanza kutokea, tarakimu zikageuka majina na picha. Na wimbo wa kwaya yetu nao ukatambuliwa! Kwaya ya huku huku Rungwe, imo kwenye ghala la dunia! Nilimwita jirani aje aone. Halafu nikafuta nyimbo zote za kwenye simu ili nipate nafasi. Sikusikiliza hata mmoja kwanza.

Ule wimbo niliurekodi mazoezini, mvua ikipiga bati, na aliyeongoza ni shangazi yangu. Baadaye aliumwa koo, ugonjwa ukamwachia mnong'ono tu. Kwaya ilipokwenda Mbeya kurekodi studio, akaongoza mwingine. Kinanda kile kile, maneno yale yale. Ile huduma haikuwa na namna ya kujua kwamba waimbaji ni wawili. Mimi nilijua.

Jumapili moja nilikwenda kwake Matwebe. Tulikuwa tunamenya ndizi.

"We mtangazaji," aliniita, ndivyo anavyonitania, "hebu niwekee mimi."

Hakusema wimbo. Alisema mimi.

Nikabonyeza. Kinanda kikaanza, sauti ikaingia, na kisu cha shangazi kikasimama. Haukuisha hata ubeti mmoja.

"Huyu anapumua kabla hajafika juu. Mimi pale nilikuwa sipumui. Hii ni ya Mbeya. Weka ile ya mvua."

Nikajifanya natafuta. Nilitaka kumwambia mtandao unasumbua, neno lilikuwa tayari mdomoni.

"Nimeifuta, shangazi. Nilidhani ipo kule."

"Kule wapi?"

Nikamweleza jinsi simu ilivyoutambua wimbo ikanipa huu.

Akacheka cheko lake lisilo na sauti, mabega tu yakitikisika. "Kumbe hata simu imeona huyu ndiye mwimbaji! Mwache, anaimba vizuri." Akamenya ndizi moja, akachukua nyingine. "Hukumrushia mtu yeyote?"

"Hapana."

Watu waliniomba, tena zaidi ya mara moja. Nikawa naringa nayo, nasema hii ni ya kwetu nyumbani.

Alimenya mpaka ndizi zikaisha kwenye ungo. Nilisubiri anigombeze. Afadhali angenigombeza.

"Basi niambie ilikuwaje," akanong'ona. "Wewe umeisikia kuliko mimi. Mtu akiimba hajisikii vizuri."

"Ilikuwa juu, shangazi," nikasema. "Ilikuwa nyembamba lakini haikatiki. Ukianza wewe, wote walikuwa wananyamaza."

"Mh. Halafu?"

Nikatafuta neno la kufuata, sikulipata. Na yeye alikuwa amenigeuzia sikio, ananisubiri.