Mawifi na Ulinzi wa Joka

Msusi alikuwa na saluni ya viti viwili, na sataranji alifundishwa na mumewe humo humo, nyakati ambazo wateja ni wa kutafuta kwa tochi. Aliupenda mchezo, ila aliucheza kwa woga. Alikuwa akimzungushia mfalme wake askari, kama mtu anayefunga milango mchana kweupe, kisha anasubiri kupigwa. Aliyempiga zaidi ni wifi yake, dada wa mumewe, dereva wa lori, mwanamke wa kicheko kikubwa aliyecheza utadhani breki zimekatika.

Mwaka huu wakakutana fainali ya klabu ya sataranji, kwenye ukumbi wa maktaba. Mume alikaa safu ya mbele, jasho linamtoka. Huku mke, huku dada.

"Wifi, leo nakumaliza chapchap," dereva alisema, akamsukuma askari wa mbele ya mfalme.

Msusi, aliyecheza na weusi, akajibu kwa askari wa upande wa malkia. Baada ya hatua chache, askofu wake alikuwa ametulia karibu na kona, ameukodolea macho ubao mzima kimshazari. Kicheko cha dereva kikakatika. Ulikuwa ulinzi wa Joka, wa watu wasiopenda kungoja: kila mmoja anamvamia mfalme wa mwenzake, na atakayechelewa kaumia.

"Nani kakufundisha wazimu huu?"

"Cheza, wifi."

Dereva akacheza. Askari wake walimporomokea mfalme wa msusi, malkia nyuma yao. Moyo ulimwambia msusi arudi kuziba, kama siku zote. Badala yake akainyanyua ngome yake, akamla farasi aliyemlinda mfalme wa dereva.

Ukumbi ukaguna. Kutoa ngome, yenye thamani zaidi, kwa farasi ni hasara! Dereva akaila ngome palepale, ndipo akaona: mfalme wake kabaki uchi. Malkia wa msusi akaingia, askofu akamsaidia kwa mbali. Dereva alijikuna kichwa, akahema, mwisho akamlaza mfalme wake chali, kukiri kushindwa.

Kisha akamgeukia mume wa msusi.

"Kaka! Ni wewe uliyemfundisha! Umeniuza!"

"Sasa dada, mimi nalala nyumba ya nani?"

Watu wakavunjika mbavu. Msusi alicheka hadi machozi, hakuamini bado. Dereva akamkumbatia kwa nguvu, karibu amvunje, akavuta kiti.

"Panga upya, wifi. Sasa weusi nachukua mimi."