Niliota watu wananitolea makochi nje nikiwa Likasi, nikaamuru geti lifungwe

Wakuu, poleni na majukumu. Hii sijatunga. Anayetaka chai aende uzi mwingine, mimi leo nimekuja kutua mzigo.

Mimi ni fundi wa magari makubwa, naishi Tunduma. Mwaka jana bosi alinituma Likasi, Kongo. Gari lake lilikuwa limelala kule, giaboksi imekufa.

Spea ikawa ya kusubiri, nikapanga chumba pale mtaa wa Kikula kwa mjane mmoja, Maman Mbuyi. Mkarimu kupita kiasi. Kila siku bukari, ndiyo ugali wao, na dagaa.

Nyumbani nilimwacha mke wangu, mama Neema, na mama yangu mzazi. Mama alikuwa na kiharusi, wa kugeuzwa kitandani. Mke wangu anamhudumia, ila saa kumi kila siku walikuwa wanakuja akina mama wa jumuiya ya kanisani. Wanamwogesha, wanamwimbia, wanampigia umbea wa mtaa mzima. Hiyo saa kumi ndiyo ilikuwa inamweka mama hai, nasema ukweli.

Sasa siku moja, mchana, joto kali, nimeshiba, nikapitiwa na usingizi.

Nikaota niko sebuleni kwangu Tunduma. Watu wameingia bila hodi, wamejifunika vitenge mpaka usoni. Hawasemi kitu. Wanabeba makochi yangu moja moja, wanayapanga nje. Napiga kelele, sauti haitoki. Mmoja akanipita karibu akanishika bega, kama ananipa pole.

Niliamka nimelowa jasho.

Nikamsimulia Maman Mbuyi, alikuwa uani anachekecha unga. Akaacha kazi yake.

"Papa, bale hapana bezi. Mwizi anabeba bintu, anaenda nabyo. Bale balibiweka inje tu? Kwetu, bamama bakitosha biti mu salon, iko kilio. Rudia ku nyumba, uone mama yako."

Jamani, hata kwetu siku ya msiba makochi hutolewa nje ili watu wakae kwenye mikeka. Nilijua. Ila sikutaka kujua! Mwizi unaweza kumfungia geti. Hicho kingine ningekifungia nini?

Nikampigia mama Neema. Nimeota wezi, nikamwambia, tia kufuli getini, asiingie mtu mpaka nirudi.

"Hata jumuiya, baba Neema?"

"Hata jumuiya. Wezi wa siku hizi wanavaa vitenge."

Akabisha. Nikamfokea. Mimi nikiwa na hofu nakuwa mkali, ndio ubovu wangu.

Siku ya nne akanipigia yeye. Mama hatunaye.

Niliacha gari, vifaa, kila kitu. Maman Mbuyi alinisindikiza mpaka stendi, hakunikumbusha alichosema. Kutoka mpakani Kasumbalesa, Zambia yote, nililia ndani ya basi, mwanaume mzima, na wala sioni aibu kuwaambia.

Nilifika siku ya kuzika. Wale akina mama wa jumuiya ndio walionipokea. Mwenyekiti wao akanikumbatia, akasema, "Pole baba. Tulikuja siku tatu hatukufunguliwa, tukasema labda mama amechoka na wageni, tumwache apumzike."

Nikaitikia tu.

Baada ya matanga mke wangu akanieleza yote. Kila saa kumi walipiga hodi, na mama kitandani anawasikia. Siku ya kwanza akauliza, "Mbona huwafungulii wenzangu?" Mke wangu akadanganya kwamba ufunguo umepotea. Siku ya pili akadanganya kwamba hapakuwa na mtu getini, ni watoto wanacheza.

Siku ya tatu mama hakuuliza. Aligeuza uso ukutani akasema, "Wamenichoka."

Hilo ndilo neno lake la mwisho la maana.

Wakuu, ninachoweza kuwaambia ni hiki: ndoto ikikutisha ukiwa mbali na kwako, usitoe amri kwenye simu. Panda basi. Najua sikumuua mama, maradhi yalishafika mbali. Lakini angeondoka anaimbiwa.

Wale akina mama mpaka leo hawajui kitu. Tukikutana sokoni wananiuliza hali, wananiita mwanetu. Mke wangu anasema nikae kimya, nisiwaongezee majonzi. Mimi naona wana haki ya kujua mama yangu alikufa anadhani walimtupa.

Mngekuwa nyie mngewaambia? Nitukaneni pia mkitaka, ila mnijibu.