Wali wa Kuonjesha Ziwa

Nimetoka kumzika Jumbe Likwata, na kabla vumbi la Idete halijanitoka miguuni nataka niseme. Najua marehemu hasemwi vibaya. Lakini nilikaa pale mkekani na akina mama wenzangu, sahani ya wali wa msiba mapajani, nikamsikia msoma risala akisema kwamba marehemu, enzi za ujumbe wake, aliyalinda maji yetu kama mboni ya jicho lake. Nikalirudisha tonge sahanini. Pembeni, chini ya mchirizi wa paa lake, lile pipa lake la miaka ile bado lipo. Limeliwa na kutu, wamepanda mchaichai ndani yake. Nikalitazama pipa, nikatazama watu wanavyoitikia kwa vichwa, nikafunga wali uliobaki kwenye pindo la khanga na kuondoka bila kuaga.

Mimi kusoma sikufika mbali. Darasa la pili, kisha nikapewa mtungi. Kwa hiyo nakwambia kama ninavyokumbuka.

Miaka ya hamsini nilikuwa binti mdogo. Baba alikuwa kwenye mkonge, mama alimfuata huko, mimi na mdogo wangu tukaachwa kwa bibi. Mdogo wangu alikuwa ndio kwanza meno ya mbele yanadondoka. Kijiji chetu, Idete, kilikuwa juu kidogo ya ziwa dogo ambalo Mto Kilombero uliliacha nyuma yake kila mafuriko yalipokwisha. Maziwa mengine ya namna hiyo yalikauka kiangazi, letu halikukauka, kwa sababu kijito cha kutoka milimani kiliingia humo. Ukiamka unasikia vinu, huyu anatwanga, yule anaitikia kwa mchi wake. Moshi wa kambale wanaobanikwa ulikaa kwenye nywele zetu mpaka Jumapili, hata kanisani tulinuka samaki na hakuna aliyeona aibu.

Bibi ndiye aliyekuwa mkubwa wa maji. Hakuna serikali iliyompa kazi hiyo, aliirithi kwa mama yake. Aliligawa ziwa. Pale kijito kinapoingia, penye mkuyu ulioanguka, ni pa kuchota maji ya kunywa. Chini yake ni pa kufua. Chini zaidi pa kuoga, na mwisho kabisa, karibu na matete, ndipo watu walipovundika muhogo, kwa sababu maji ya muhogo yana harufu ya kukukosesha chakula. Ole wako uvundike muhogo juu. Bibi angeubeba kikapu kizima auweke mlangoni kwako ukiwa unachuruzika, wageni wote wauone.

Na alfajiri hakuna aliyechota kabla yake. Bibi alikuja na kiporo cha wali mkononi, akarusha punje chache pale penye mkuyu. Visamaki vidogo, vile visivyofaa hata kukaanga, vilikuja mbio kugombania. Vikishakula, bibi anachovya mtungi wake, na sisi nyuma yake. Tuliita kuonjesha. Vikija vichache, au vikila kwa uvivu, tunasubiri, na yeye anapanda kijito kuangalia kuna nini huko juu: nguruwe kafia majini, au mtu kaoga pasipo pake. Siku moja mwanamke mmoja aliyeolewa karibuni alitaka kumpita achote kwanza, bibi akamwambia, "Wewe umeolewa na mume au na kiu?" Jina hilo, Mke wa Kiu, lilimfuata mpaka alipozaa wajukuu.

Sasa nikueleze utupa, maana bila huo hutaelewa tulivyokufa. Utupa ni mmea. Ukiyaponda majani yake na kuyatia kwenye maji yaliyotulia, samaki hulewa, wanaelea, unawaokota kwa mikono. Mtu akimla samaki huyo hadhuriki. Kwetu ilikuwa ruhusa mara moja kwa mwaka, mwisho wa kiangazi, bibi akishatangaza na kila nyumba ikishajaza mitungi. Samaki tunakula siku ile ile, maji tunayaacha mpaka visamaki virudi. Hiyo ndiyo ilikuwa sheria. Jirani yetu mmoja, mvuvi, aliwahi kuivunja, akatia utupa kabla ya wakati. Alikana mbele ya watu, na kucha zake zilikuwa za kijani.

Basi kiangazi kimoja, asubuhi, bibi akarusha wali. Ukaelea. Akarusha tena. Punje zikalowa, zikazama moja moja, na hakuna mdomo uliokuja. Tulisimama nyuma yake na mitungi viunoni. Hakuna aliyekohoa. Hata vyura, nilikuja kukumbuka baadaye, walikuwa kimya.

"Hakuna kuchota," bibi akasema.

Jua lilipopanda, samaki wakaanza kuibuka, matumbo juu, perege kwa kambale, ziwa zima likawa jeupe. Mtu mmoja akasema, "Utupa." Hapo watu wakapumua. Wengine wakaanza kucheka, wanamtania mvuvi aliyekuwa anashuka na nyavu zake begani: bwana mkubwa katuandalia karamu hata kualika hakualika.

Mvuvi aliona ziwa akasimama. "Mama," akamwambia bibi, "mwaka huu sijagusa utupa."

"Na ule mwaka mwingine ulisema hivyo hivyo."

"Ule mwaka nilisema uongo. Leo ni kweli. Sasa kama si mimi, hamjui kilichowaua ni nini. Msile."

"Anataka ale peke yake," mtu akasema, watu wakacheka tena.

Ndipo akaja Jumbe Likwata na kofia yake ya kaki. Sikuona akistuka. Alitazama ziwa kama mtu anayetazama shamba la mwenzake, akasema ni utupa, nani hajui utupa, okoteni kabla hawajaoza, na huyu mtu tutaonana naye barazani. Wote wakamgeukia bibi. Bibi alimgeuza perege mmoja, akamfunua mashavu, akanusa. Kisha akasema, "Samaki okoteni. Maji tusubiri."

Ilikuwa sheria ya utupa, na aliifuata.

Jioni ile kijiji kizima kilinuka samaki. Moto wetu ulizimika, bibi akanituma kwa jumbe kuomba kaa la moto. Nilipofika, mke wa jumbe alikuwa anakoroga kunde. Binti yao, wa umri wangu, alikuwa amenuna. Nikamuuliza ana nini. "Baba amekataza samaki leo," akasema, na mama yake akamtupia jicho lile ambalo mtoto analijua.

Nilirudi na kaa langu kwenye kigae. Bibi alikwisha kupata moto kwingine na kupakua. Nilikaa, nikala matonge mawili matatu, ndipo nikasema, kama mtoto anavyosema lolote, "Kwa jumbe wanakula kunde. Amewakataza samaki."

Bibi alikuwa ameshika mwiko. Mwiko ukabaki hewani. Nakumbuka mchuzi ulivyodondoka majivuni. Kisha akaninyang'anya sahani akaimwaga nje, akanitia vidole kooni mpaka nikatapika. Mdogo wangu alikuwa amemaliza. Alikuwa ananyonya vidole, na kichwa cha perege mbele yake kimebaki mifupa mitupu. Bibi akamtapisha, akatukabidhi kwa shangazi wa nyumba ya pili, akatoka anapita mlango kwa mlango anapiga kelele, "Acheni samaki. Si utupa. Tapikeni." Wengine waliacha. Wengine walidhani ana hasira na mvuvi tu.

Mimi niliumwa kichwa na kutetemeka, nikapona. Mdogo wangu alishikwa na kutetemeka kama mtu wa degedege, akitulia anashikwa tena, na hakuona asubuhi. Kulipokucha kulikuwa na vilio katika nyumba nyingine pia.

Asubuhi hiyo kaa wa mto walikuwa wamepanda ukingoni, wamekufa miguu juu. Bibi aliwatazama. Utupa huwalewesha samaki, kaa hauwagusi, hilo alilijua tangu utotoni. Akamwita mvuvi, wakapanda kijito wawili, bibi na mtu ambaye jana maneno yake aliyakataa. Haya alinisimulia mara moja tu nilipokuwa mkubwa. Huko juu palikuwa na shamba kubwa la pamba la mlowezi mmoja, na nyapara wake akiitwa Damiani. Walimkuta Damiani amelaza mapipa ya dawa ya kuua wadudu wa pamba ndani ya kijito, midomo imeelekea chini, na maji yanayotoka ni meupe kama tui. Alikuwa anayaosha, ayauze Ifakara kwa watu wa kuwekea maji.

"Matupu hayo, mama," akamwambia bibi. "Mnaogopa nini? Jumbe tulizungumza tangu juzi. Pipa lake la kwanza nimeshampelekea."

Nataja: ni Damiani, na ni Jumbe Likwata. Mmoja alitia sumu, mwingine alijua, akawafungia wanawe mlango, akatuachia sisi tule.

Bibi alikwenda barazani na kaa waliokufa kwenye ungo, akauweka miguuni pa jumbe mbele ya watu. "Utupa hauui kaa," akasema. "Tueleze umewalisha nini wanao jana." Jumbe hata ungo hakuutazama. Akasema kwa upole, "Poleni kwa msiba, mama. Mtu akifiwa husema mengi." Kisha akamhukumu mvuvi. Mtumbwi wake ulipasuliwa kwa shoka pale pale, na tarishi aliyeupasua alikuwa analia. Mvuvi alihamia upande wa Mngeta. Mvua za kwanza zilipokuja, pipa lilikuwa limesimama chini ya mchirizi wa jumbe, limepakwa rangi.

Kiangazi kile tulichota mtoni, mbali, kwenye mamba. Bibi aliendelea kwenda ziwani kila alfajiri na kiporo chake. Anarusha, anasubiri, anarudi. Visamaki vilirudi baada ya mafuriko, yeye samaki hakula tena mpaka anakufa.

Nilipotoka msibani nilishuka huko. Mkuyu haupo. Mpunga umefika mpaka kwenye maji, huwezi kujua pa kunywa ni wapi na pa kufua ni wapi, yote ni pamoja. Vinu havisikiki, mashine inakoboa. Hayo nayasamehe, dunia inaenda. Ninachokitafuta sikioni ni ule ukimya wa wanawake wamesimama mmoja nyuma ya mwingine, mitungi viunoni, hakuna anayemtangulia mwenzake mpaka ijulikane.

Akaja binti na ndoo ya plastiki.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Ya kunywa hayo?"

"Ya kunywa."

"Mmeshaonjesha?"

Hakunielewa. Nikafungua pindo la khanga nikarusha wali wa msiba wa jumbe. Akacheka, akaziba mdomo kwa heshima. "Mama, unalisha maji?"

"Weka ndoo chini. Simama nyuma yangu."

Akaiweka. Ng'ambo, kwenye mpunga wa watu, mwanamume alikuwa anatembea na bomba la dawa mgongoni, linakoroma. Wali ulielea. Binti aliacha kucheka, akauangalia, akaniangalia mimi.

"Mama, tunasubiri nini?"

Nikamwambia subiri. Punje ya kwanza ilikuwa inaanza kuzama.