Mifuko ya Saruji Juu ya Dirisha

Ilikuwa Jumamosi, saa tisa na nusu alasiri, mwezi wa saba mwaka 1976, nilipompelekea mama uji na mkono wake ukashindwa kushika kikombe. Kikombe kilikuwa cha bati, hakikuvunjika, ila uji wote ulimwagika kwenye blanketi. Mama hakushtuka wala hakunigombeza. Alikitazama tu kile kikombe kama cha mtu mwingine.

Nieleze kwanza chumba chenyewe. Mama alikuwa amejifungua mtoto wa kiume Jumatatu, na kwa desturi ya kwetu mzazi hatoki nje mpaka kitovu cha mtoto kidondoke, isipokuwa kwenda chooni. Mimi nilikuwa nimerudi likizo kutoka shuleni Iringa. Shangazi, dada yake baba, alipanda kutoka Ubaruku kuja kumtunza mzazi. Kule kwao bondeni ni joto. Alipoteremka kwenye basi na mfuko wake wa mchele, nikampa shikamoo, akasema, "Marahaba. Nyie huku Mbeya mmegombana na jua?"

Nyumba yetu ilikuwa mpya, tulikuwa na miezi miwili tu tangu tuhamie. Matofali ya kuchoma, bati, sakafu ya saruji, na dari, ambayo baba aliipenda kuliko vyote. Baba ni karani na nyumba hii aliijenga kwa miaka mitano. Kila mgeni alionyeshwa milango inavyofunga. "Hii nyumba," alikuwa akisema, "hata panya akikohoa ndani, wewe wa nje hujui."

Shangazi aliona kasoro moja tu: matundu sita ya hewa ambayo fundi aliyaacha juu ya dirisha la chumba cha mama. "Fundi gani anajenga nyumba halafu anaitoboa mwenyewe?" Jumatano akaniagiza niyazibe.

Niliyaziba vizuri. Nilichana mifuko ya saruji iliyobaki stoo, nikapika uji mzito wa ngano uwe gundi, nikabandika karatasi tabaka tatu kwa kila tundu. Chini ya mlango nikakunja gunia. Shangazi akaingiza jiko la mkaa, kisha akapitisha kiganja juu ya dirisha, akaona hakuna upepo. Akamwambia mama, "Wifi, huyu ndiye binti. Kuongea hawezi, lakini kazi anaiweza." Naandika ukweli: sikuwahi kusifiwa hivyo mbele ya watu. Nilitoka nje nikatabasamu peke yangu.

Alhamisi mama akaanza kuumwa kichwa. Ijumaa akatapika. Shangazi akasema ni malaria, akampa klorokwini. Yeye mwenyewe kichwa kilimuuma, akajifunga kitambaa na kuilaumu baridi, na kila jiko lilipofifia aliongeza mkaa.

Basi Jumamosi hiyo, nilipoinama kuokota kikombe, kichwa changu nacho kikaanza kugonga. Nikamwangalia mtoto. Alikuwa amelala tangu asubuhi, na shangazi alifurahi: "Mpole kama dada yake." Nikamgusa shavu kwa kidole. Siku mbili nyuma, ukimgusa hivyo alifungua mdomo kutafuta ziwa. Hakufungua.

Nilichukua blanketi kwenda kulifua uani. Upepo ulikuwa mkali. Kabla sijafika kwenye karai, kichwa kikaanza kuachia. Nikasimama. Nikakumbuka maneno ya mama asubuhi, alipokuwa akirudi kutoka chooni: "Nikitoka nje napata nafuu. Nikirudi kitandani kichwa kinanikamata tena." Malaria gani inabaki chumbani kukusubiri?

Mwalimu wetu wa sayansi kimu alitueleza tukiwa kidato cha pili. Mkaa ukiwaka kwenye nyumba iliyofungwa unatoa hewa mbaya isiyo na rangi wala harufu. Mtu analegea, analala, haamki. Akauliza nani anaweza kusema la kufanya. Nilijua, lakini sikunyoosha mkono. Hivyo ndivyo nilivyo, na darasani wananiita Bubu.

Sasa nilijua tena. Lakini kusema kulikuwa na maana ya kumwambia shangazi kwamba jiko lake linaua, na baba kwamba nyumba yake nzuri inakaba, na wote wawili kwamba aliyeziba ni mimi. Nilikwenda mpaka mlangoni pa chumba. Shangazi akainua macho.

"Nini?"

"Hamna, shangazi."

Nikarudi nje. Hata sasa ninapoandika, hilo "hamna" linaniuma kuliko mengine yote.

Nikachukua mpini wa jembe, nikazunguka nyuma ya nyumba, nikapanda juu ya rundo la matofali yaliyobaki, nikachoma tundu la kwanza. Karatasi ilinishinda mara mbili. Mara ya tatu ikapasuka, paa!

"Mwizi!" shangazi akapiga kelele ndani. "Kaka wee! Njoo! Mtu anabomoa nyumba mchana kweupe!"

Baba akaja mbio, redio ingali mkononi inaimba. Akanikuta juu ya matofali na mpini wangu.

"Shuka. Umepatwa na nini?"

"Jiko," nikasema.

"Nini? Sema nikusikie."

"Jiko linawaua!" Sauti ilitoka kubwa mpaka ikanishtua mwenyewe.

Shangazi alikuwa ameshafika kwenye kona ya nyumba. "Linamuua nani? Nimekaa na wazazi na majiko ndani huyu hajazaliwa, nani alikufa? Ndiyo wanayofundishwa huko Iringa, kulaza wazazi kwenye upepo?"

"Shangazi, kwako paa ni la nyasi," nikasema. "Hewa ya mkaa inatoka yenyewe. Hapa haina pa kutokea. Nimeziba kote."

Alifungua mdomo kunijibu. Ndani tukasikia kishindo cha kitu kizito kikianguka kwenye saruji.

Baba alitangulia. Mama alikuwa sakafuni. Alitaka kuinuka aone huyo mwizi, miguu ikamkatalia. Baba akambeba mpaka barazani. Shangazi akamtoa mtoto. Mimi nikalikamata jiko kwa matambara, nikalitupa uani, makaa yakasambaa. Mama akavuta pumzi, akakohoa, akauliza mtoto yuko wapi.

Mtoto hakulia. Shangazi akamfunua kifua kwenye baridi ile ile aliyokuwa akiiogopa, akawa anampigapiga nyayo. "Lia. Lia baba, tukusikie. Lia, nakuomba." Baba alisimama na redio ikaendelea kuimba, hakuna aliyekumbuka kuizima. Mimi nilitazama kile kifua kidogo tu, na kila kilipochelewa kupanda, changu nacho kilisimama.

Kisha akapiga chafya, ndogo kama ya paka. Akakunja uso, akalia. Shangazi akakaa chini pale pale kama aliyekatwa miguu, akamkumbatia, akalia naye.

Jirani aliwapeleka hospitali kwa pikapu yake. Walirudi saa moja jioni, mama akitembea mwenyewe na mtoto akinyonya. Baba aliingia chumbani, akatazama juu ya dirisha.

"Nani aliziba haya?"

"Mimi," nikasema.

"Nilimtuma mimi," shangazi akasema papo hapo.

Baba alitutazama kwa zamu. Nilingoja anigombeze. Akafungua dirisha kwa mkono wake mwenyewe, akaenda kuleta blanketi lake akamwongezea mama.

Jumapili asubuhi nilipanda kwenye kiti na kisu cha jikoni nikabandua karatasi kwenye matundu matano yaliyobaki. Gundi yangu ilikuwa imara, ilinitoa jasho. Shangazi alinishikia kiti. Nilipomaliza niliwasha jiko uani, mbali na mlango, nikapanga matofali mawili juu yake mpaka yakashika moto mzuri, kisha nikayafunga kwenye lile gunia nililokuwa nimelikunja chini ya mlango. Nikayaweka kitandani, miguuni kwa mama. Shangazi alikuwa amekaa pembeni na mtoto mapajani, kitambaa hakipo tena kichwani.

"Shangazi," nikasema, bila kunong'ona, "mlango nauacha wazi."

Nikauacha wazi.