Kibuyu cha Uji Kilichokataa Kuisha

Enzi zetu kikombe kilikuwa cha mgeni. Sisi watoto, tukitoka kuchuma chai, tulikunywa uji wa wimbi kwa kibuyu kimoja kilichonuka moshi, na mama alikuwa na sheria yake: "Kunywa nusu ya ulichokuta. Anayemaliza ndiye anaosha." Mtoto wa siku hizi ukimnyima kikombe chake chenye picha, analia mpaka majirani wanakuja.

Mimi na dada yangu Kendi tulikuwa wavivu wa kuosha. Nakunywa nusu, nampa. Anakunywa nusu, ananirudishia. Uji ukibaki tone, tunalamba nusu ya tone, tukicheka hadi wimbi litoke puani.

Kendi akaendelea na shule, akawa mwalimu wa hesabu. Mimi niliachia kidato cha pili. Sisemi nilionewa, alikuwa akinishinda darasani, hiyo ni haki yake.

Krismasi alikuja kwangu hapa Kinoru, akamkuta binti yangu Gatwiri, aliye chuo, amekwama kwa kitu cha hesabu kinaitwa limiti.

"Lakini tata, hizi namba zinagawanywa nusu kila mara, hazifiki sifuri!" Gatwiri akamlalamikia shangazi yake. "Mbona wanasema limiti ni sifuri?"

"Nani amesema lazima zifike?" Kendi akamsimulia kibuyu chetu. "Sasa nitajie tone dogo kabisa."

"Kama ncha ya sindano."

"Tukizidi kupokezana, kuna zamu uji utakuwa chini ya hapo, na hautapanda tena. Taja dogo zaidi."

Gatwiri akataja, akataja tena. "Woi! Kila nikitaja unanishinda! Kumbe sifuri si zamu ya mwisho, ni pale uji unaelekea."

Akamtazama shangazi yake vile sijawahi kutazamwa kwa hii nyumba. Kisha akanigeukia: "Mami, mbona wewe hukuwahi kuniambia?"

Ningemwambia nini? Kibuyu kilikuwa chetu wawili. Kendi aliona hesabu ndani yake; mimi niliona dada mwenye mdomo mkubwa. Labda hata ningesoma nisingeona, sijui. Lakini wivu uliniunguza kama uji wa moto.

Nikawamiminia uji. Siku hizi tuna vikombe tele, kila mtu na chake, na hakuna anayejua mwenzake amebakisha nini. Kendi akanywa nusu, akatabasamu, akanisukumia kikombe chake.

Nikakimaliza chote. Halafu nikaenda kukiosha.